Nimeambiwa chakra ya chini imeziba, niache vidonge

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Tabata na mume wangu na mama mkwe. Kazi yangu ni uhasibu, ofisi iko Posta. Mama yangu mzazi alifariki mwaka jana, na tangu tumalize arobaini usingizi ulinikimbia. Nalala saa nne, saa nane niko macho, moyo unaenda mbio, nasikiliza magari barabarani mpaka adhana ya alfajiri.

Dada mmoja wa ofisini akanipeleka kwenye darasa la meditesheni Mikocheni, kila Jumamosi asubuhi. Sitaki kusema uongo, mwanzoni lilinisaidia sana. Tulikaa kwenye mikeka, tukafumba macho, tukavuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, basi. Nikaanza kulala. Hata mume wangu aliona, akasema siku hizi siwafokei watoto.

Baadaye mwalimu akasema tulio tayari twende hatua ya pili, ya kufungua chakra, yaani vituo vya nishati anavyosema viko mwilini. Huku unapumua harakaharaka kwa pua, muda mrefu bila kupumzika, ngoma inapigwa. Mara ya kwanza tu midomo ilikufa ganzi, vidole vikawa vinachomachoma, kisha vikakakamaa na kujikunja ndani, nikashindwa kuvinyoosha. Nililia kwa sauti mbele za watu. Mwalimu akaniwekea mkono kiunoni, akasema kundalini, ile nguvu anayosema imelala chini ya uti wa mgongo, imeanza kuamka ila imekwama kwenye chakra ya chini, na imeziba kwa sababu nina kinyongo na marehemu mama. Shangazi, ni kweli mimi na mama hatukuwa tunaongea vizuri miezi yake ya mwisho, kisa kiwanja cha Kibaha. Sijui alijuaje, labda yule dada alimwambia. Tangu siku hiyo najiona mimi ndiye niliyejiharibia.

Kinachonitesa ni hiki. Hedhi yangu ni nzito tangu nijifungue wa pili, lakini mwaka huu imezidi. Inachukua siku nane, inatoka mabonge, usiku natandika khanga mbili juu ya shuka. Zahanati walinipa vidonge vya kuongeza damu wakaniambia niende hospitali nikapige utrasaundi. Mwalimu akanikataza. Anasema dawa za hospitali zinashusha nishati, na hiyo damu ni uchafu wa zamani unaotoka kadiri chakra inavyofunguka. Amenipangia vikao vya kusafishwa, shilingi milioni moja na laki mbili pamoja na mawe yake. Nivae nyekundu, nile vitu vyekundu. Vidonge nimeviacha. Sasa nikipanda ngazi za ofisini inabidi nisimame kila ghorofa. Na nimeanza kula udongo, ule wa vijiti unaouzwa sokoni, nauficha kwenye droo ya ofisini. Nikiukosa natafuna mchele mbichi. Hata nilipokuwa mjamzito sikuwahi kuwa hivi.

Nyumbani ndiyo kabisa. Siku moja nilijaribu ile pumzi ya haraka chumbani, mama mkwe akaingia akakuta vidole vimejikunja. Ameshika kwamba nimeingiwa na mapepo, anataka nikaombewe. Yeye ni mtu wa jumuiya, rozari kila jioni. Mume wangu anasema nichague moja, darasa au nyumba. Hela ya vikao ninayo, nimepokea zamu yangu ya kikoba.

Je, nimalize kusafishwa kwanza ndipo niende hospitali? Na ni kweli mama ndiye amefunga chakra yangu?

Aliyechoka, Tabata

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na mama.

Hospitali kwanza, na iwe wiki hii. Kwa hapo ulipo Amana ndiyo karibu. Kikao cha kusafishwa usikifanye kabla wala baada.

Nimesoma barua yako mara kadhaa na kila mara nakwama penye udongo. Mtu mzima asiye mjamzito akianza kutamani udongo, mchele mbichi au kutafuna barafu, jambo la kwanza la kuuliza ni madini ya chuma mwilini mwake. Wanawake wengi huona haya kulitaja hata mbele ya daktari. Wewe ulitaje, tena mapema, pamoja na khanga mbili na yale mabonge, maana ndivyo daktari atakavyojua ni damu kiasi gani inapotea. Kisha uje kwenye zile ngazi za ofisini. Damu hubeba oksijeni kwa himoglobini, na himoglobini haitengenezwi bila chuma. Kila mwezi unamwaga chuma kingi kuliko unachokula. Damu ikipungua nguvu, moyo hulazimika kupiga haraka ili hiyo kidogo iliyopo izunguke mara nyingi zaidi. Kwa hiyo yale mapigo ya saa nane usiku, uliyoyahesabu yote kuwa ni msiba, huenda sehemu yake ni upungufu wa damu. Tena udongo wenyewe unaweza kuzuia chuma kisinyonywe tumboni, na unaweza kukuachia minyoo. Unakula kitu kinachozidisha njaa ya kukila.

Watakupima wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito inatakiwa gramu 12 au zaidi kwa desilita. Ikiwa chini ya 8, huo ni upungufu mkubwa, usitoke hapo bila kujua wanakufanyia nini. Utrasaundi ni ya kutazama kizazi: vile vimbe ambavyo wengi tunaviita faibroidi ni sababu ya kawaida sana ya hedhi nzito kwa wanawake wa umri wako, ila zipo nyingine, kama homoni kuyumba, tezi ya shingo, kitanzi kama umewekewa, na mara chache mambo makubwa zaidi yanayotakiwa kugunduliwa mapema. Najua neno faibroidi linawatisha wengi kwa sababu wanasikia kisu. Si kila faibroidi inapasuliwa. Zipo dawa za kupunguza damu ya hedhi, na vimbe vidogo visivyosumbua huachwa vikaangaliwa.

Vidonge virudie. Usivinywe na chai, kwa sababu chai huzuia chuma, na sisi hapa mjini chai ni kila saa. Vinywe na maji yenye ndimu, au ule chungwa. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni kidonge. Na damu ikishapanda usiache siku hiyohiyo. Kwa kawaida huendelea kuvinywa miezi mitatu hivi ili akiba nayo ijae, ila daktari ndiye atakayekupangia.

Sasa vidole vyako. Nataka uelewe hili vizuri, kwa sababu mwalimu ameviona akasema kundalini, mama mkwe ameviona akasema pepo, na wewe umebaki katikati unaogopa mwili wako mwenyewe.

Ukipumua harakaharaka kwa muda mrefu bila kuwa unakimbia wala kubeba mzigo, unatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko mwili unavyoizalisha. Hewa hiyo tumezoea kuiona uchafu tu, kumbe damu inaihitaji kwa kiwango chake. Ikishuka mno, damu inapoteza asidi, na ile kalisiamu inayoelea humo ikiwa huru inapungua. Neva zikikosa kalisiamu ya kutosha huwa nyepesi kushtuka, ndipo midomo inakufa ganzi, vidole vinachomachoma, misuli ya mkono inakaza na vidole vinajikunja kuelekea kiganjani. Mishipa ya damu ya ubongo nayo inasinyaa, unapata kizunguzungu, watu wanaonekana wako mbali, na kilio kinatoka bila kukiita. Yeyote akipumua vile kwa muda wa kutosha yanaweza kumpata, awe padri, awe shehe, awe asiyewahi kusikia neno chakra. Ukirudi kupumua kawaida yanapita yenyewe. Aliyepungukiwa damu kama wewe kichwa kinazunguka upesi zaidi, na wenye kifafa, shinikizo la juu la damu, ugonjwa wa moyo au mimba hawatakiwi kuifanya kabisa pumzi hiyo. Mwalimu makini huuliza hayo kabla ngoma haijapigwa. Kwenye barua yako sioni mahali alipokuuliza.

Kuhusu chakra zenyewe, siwezi kuzidharau. Ni elimu ya ibada ya watu, ina heshima yake, na hapa Dar tumeishi na mahekalu ya Kihindu mtaa wa Kisutu miaka mingi bila ugomvi. Ramani hii inayofundishwa sasa, vituo sita vilivyopangwa kwenye uti wa mgongo na cha saba utosini, inatokana zaidi na andiko la mwaka 1577 la Purnananda, mwalimu wa dini ya Kihindu wa Bengali. Mwaka 1919 jaji Mwingereza wa mahakama kuu ya Calcutta kule India, John Woodroffe, alilitoa kwa Kiingereza, likaenea Ulaya na Marekani. Humo, kila kituo kina ua lenye idadi yake ya petali, manne pale chini, kumi kitovuni, kumi na mawili kifuani, kila moja na herufi zake na miungu yake. Anayetafakari huvijenga vituo hivyo kwa moyo wake, kimoja baada ya kingine, na kundalini ni nguvu ya kimungu anayoiwazia kama nyoka aliyejikunja hapo chini, apande mpaka utosini. Lengo lake ni roho kufunguliwa. Madhehebu mengine yanahesabu tofauti. Mabudha wa njia ya tantra mara nyingi hutaja vituo vinne tu. Kingekuwa ni kiungo cha mwili kama figo, kila aliyepasua mwili angekuta idadi ileile.

Na hizo nguo nyekundu? Kule kupanga chakra kwa rangi za upinde wa mvua, nyekundu chini na zambarau juu, kuliingizwa huko Magharibi karne ya 20. Katika andiko la 1577 petali za kitovuni zina rangi ya mawingu mazito ya mvua, si njano ya kwenye mabango. Ukipenda kula kiazi sukari kile, kwa afya, lakini wekundu wake hauongezi damu. Chuma utakipata kwenye maini, nyama, dagaa, maharage, na mboga za majani ukizikamulia ndimu.

Kwa hiyo mwanangu, hakuna popote katika elimu hiyo panapokufanya umwache daktari wakati kizazi kinatoa mabonge. Aliyekuambia damu ni uchafu wa zamani amechukua sala ya watu akaigeuza kipimo cha hospitali, tena kipimo ambacho jibu lake kila mara ni ulipie kikao kingine. Hilo limenikasirisha, na sitaki ulipitishe kimya.

Na lililonikasirisha zaidi ni kumtia marehemu mama yako humo. Hapana, mama yako hajafunga chochote. Kugombana na mzazi juu ya kiwanja ni jambo la nyumba nyingi mno hapa mjini, na bahati yako mbaya ni kwamba kifo kilikuja kabla hamjapatana. Hayo ni maumivu, na yanatosha kumkosesha mtu usingizi, lakini hayatengenezi uvimbe. Kitakachokusaidia ni kulisema mahali panapostahili. Kaa na ndugu zako mzungumze habari ya kiwanja mpaka kiishe, kwa sababu naona bado kinakuchoma. Nenda kaburini, mwambie mama yale uliyotaka kumwambia, kwa maneno yako, na ulie bila ngoma. Kama damu itapanda na bado huzuni haikuachi, chakula hakipiti, usiku huoni usingizi, hapohapo hospitali uliza kliniki ya afya ya akili. Kwenda huko si wazimu.

Ninakuambia hivi pia kwa sababu meditesheni yenyewe, hata ile nzuri, haimkubali kila mtu kila wakati. Uchambuzi wa mwaka 2020 uliopitia tafiti 83 ulikuta takriban asilimia 8 ya watu walipata madhara, zaidi wasiwasi na huzuni. Mfiwa akisukumwa kwa nguvu kwenye kilio halafu akaambiwa kosa ni lake, si ajabu akatoka na mzigo mkubwa kuliko aliokuja nao.

Lakini sikuambii uache kutulia. Ile hatua ya kwanza, ya mikeka na pumzi taratibu, ilikufaa kweli, na haikuwa bahati. Mwaka 2014 watafiti waliokusanya majaribio 47 ya programu za meditesheni walikuta inapunguza wasiwasi na huzuni kwa kiasi, si muujiza, lakini kwa kiasi kinachoonekana. Pumzi ina kazi yake humo. Ukitoa hewa polepole, neva kubwa inayoshuka kutoka kichwani hadi kifuani na tumboni, iitwayo vagasi, hupunguza mwendo wa moyo. Vuta kwa sekunde nne, toa kwa sekunde sita, utapata pumzi sita kwa dakika. Fanya umekaa kitandani, dakika kumi, bila kulipa mtu. Ukitaka kuweka mawazo kifuani au kitovuni, weka. Joto au mtetemo utakaousikia hapo ni wa kweli, maana mahali unapopaelekezea mawazo ndipo unapopahisi zaidi. Usiuruhusu tu ukutolee hukumu ya ugonjwa.

Na hapa ndipo nataka umwendee mama mkwe wako, tena kwa upole. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la madaktari la Uingereza. Waliwapima watu 23 wakisali Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini, na wakikariri mantra ya yoga, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa. Vyote viwili viliwashusha hadi karibu pumzi sita kwa dakika, na mapigo ya moyo na shinikizo la damu vikaanza kwenda kwa mpigo mmoja. Fikiria jumuiya yenu inavyosali: mmoja anaongoza nusu ya kwanza, wengine wananyamaza wakivuta hewa, kisha wanaitikia "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu" kwa pumzi moja ndefu. Mama mkwe amekuwa akituliza moyo wake hivyo kila jioni sebuleni kwako. Hujafanya kitu cha kumtisha, na yeye hana haja ya kukutafutia pepo. Mwonyeshe barua hii pale panapohusu vidole. Kaa naye kwenye rozari jioni, kama ni imani yako, naye ni mwenzako nyumbani. Akitaka mwombewe, mwombewe, ila mkitoka huko mwende wote Amana. Mumeo naye mwambie huna cha kuchagua kati ya darasa na nyumba. Unachoomba ni yeye akusindikize hospitali, akae na watoto siku ya vipimo, na ajue kwamba mkewe ni mgonjwa wa mwili.

Hela ya kikoba ndiyo ya vipimo na dawa, na usiitoe hata senti kwa mawe. Kama umeshalipa sehemu, idai. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake linasajili wanaotoa tiba hizo. Anayefundisha kukaa na kupumua ni mwalimu. Anayekushika kiuno, akakutajia ugonjwa, akakukataza dawa na kukutoza fedha za kutibu, huyo anatibu, na una haki ya kumuuliza namba yake ya usajili. Muulize mbele ya wenzako wa darasa, pamoja na yule dada wa ofisini, kwa sababu nina hakika si wewe peke yako kwenye mkeka ule unayetoka damu kimyakimya.

Usisubiri hedhi ikauke ndipo uende, nenda hata ukiwa katikati yake. Na ikitokea pedi inajaa kila saa, kwa saa mbili au zaidi mfululizo, au ukahisi kuzimia, kifua kikabana, pumzi ikakatika ukiwa umekaa tu, hapo hata kesho ni mbali: amsha mtu, chukueni bajaji mwende idara ya dharura usiku huohuo.